Mume wa Fundi na Mashine ya Nyuzi Nne

Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu ameondoka alfajiri. Mama yake ameanguka bafuni, nyonga imevunjika. Amefungasha haraka haraka bila kulia, jambo ambalo kwake ni ishara mbaya. Nimembebea begi hadi kituoni. Njia nzima maagizo. Nipokee kazi za watu. Nizibandike majina. Nizitundike. Nisishone.

Nikamuuliza kama ananiona mtoto. Akasema hapana, mtoto angesikia.

Limeniuma. Sikujibu, maana mtu anayekwenda kumuuguza mama yake hajibizwi. Lakini limeniuma.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mtaa mzima naitwa Mume wa Fundi. Nilipofuga kuku niliitwa Mume wa Fundi. Nilipouza vifuniko vya simu niliitwa Mume wa Fundi. Kuku wakafa. Vifuniko vikawa vya simu ambayo hakuna mtu anayo. Jina likabaki. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, na nataka kitu kimoja tu kabla sijafukiwa: mtu aniite fundi. Si ombi kubwa. Hata anayeziba pancha anaitwa fundi.

Nimeshinda dukani leo. Ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani zimejaa mashine. Ile nyeusi ya miguu dirishani. Ya umeme yenye zigizaga katikati. Ovaloki pembeni, na vigurudumu vyake vya uzi vimepangwa juu kama vikombe kabatini. Ile nene ya kushonea mikoba na viatu, imefunikwa shuka. Mke wangu amenieleza kazi ya kila moja mara nyingi sana. Nilikuwa nikitikisa kichwa.

Kwa maoni yangu, cherehani ni cherehani. Sindano inapanda, sindano inashuka. Mengine ni mbwembwe za mafundi ili kazi ionekane ngumu.

Ng'ambo ya barabara Fundi Tai amenipungia mkono. Anaitwa hivyo kwa sababu hufunga tai hata akishona magunia. Nikajifanya sikumwona.

Jumanne, 7 Mei

Siku imeanza vibaya, kisha bahati ikabisha hodi.

Asubuhi wamekuja watu watatu, wote wakasema wamesikia Fundi kasafiri, watarudi. Mmoja alikuwa na zipu tu! Zipu! Nikamwambia aiache. Akaitazama mikono yangu, akasema hana haraka.

Mchana akaingia Mzee wa Saa. Huyu ni fundi saa wa pale mwisho wa mtaa, mjane tangu mwaka jana. Si mtu wa kutembeatembea, kwa hiyo habari za safari ya mke wangu hakuwa nazo. Alikuwa na mfuko ameukumbatia kwa mikono miwili. Akauliza kama Fundi yupo.

Nikasema yupo.

Si uongo kabisa. Inategemea unamhesabu nani.

Akatoa gauni. La hariri, la buluu, buluu ambayo sikumbuki kuiona dukani. Akasema marehemu mkewe alilivaa siku waliyooana. Nguo nyingine zote ziligawiwa ndugu baada ya mazishi, hili ndilo lililobaki. Binti yao anaolewa Jumapili na amesema hatavaa jingine. Ila mama alikuwa na mwili na binti ni mwembamba. Lipunguzwe ubavuni, kidogo tu, huku na huku. Vipimo amevileta. Akanishika bega na kuniambia, "Mwambie Fundi alishike taratibu, mwanangu. Limechoka."

Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Alipotoka nilikaa muda mrefu nikilitazama. Nimeguswa, naandika bila aibu. Hata macho yaliniloa kidogo. Halafu akili ikafunguka. Kupunguza ubavuni! Mishono miwili iliyonyooka! Mke wangu atarudi akute gauni limekwisha, limepigwa pasi, linang'aa. Bibi harusi atasifiwa. Watu watauliza ni kazi ya nani. Fundi Tai atakuwa anasikiliza.

Nimelitundika peke yake ukutani. Jina sikubandika, maana nitalikumbuka.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya mazoezi. Sikutaka kukurupuka. Mimi si mtu wa papara.

Nimeanza na ile ya miguu kwa sababu haina umeme, nikadhani itakuwa na adabu. Haina. Miguu inataka mdundo wake, mkono unataka wake, na gurudumu likianza kwenda nyuma uzi wote unaingia chini na kufanya kiota. Nimetoa kiota. Nikaanza tena. Kiota kingine. Cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, kwa hiyo maendeleo yapo.

Nikahamia ile nene. Nimefunua shuka. Mashine ya kiume! Ngurumo yake ilitikisa kioo. Nikaijaribia pazia la duka. Sindano yake ni kama msumari, imeacha matundu unayoweza kupitisha punje ya mchele. Pazia sasa linaingiza mwanga vizuri zaidi.

Nikajaribu ya umeme kwa shati langu mwenyewe. Iliniponyoka. Mkono mmoja wa shati umezibwa kabisa, kazi imara, nimevuta kwa meno haikufumuka. Uwezo basi ninao. Kinachosumbua ni mwelekeo.

Hapo ndipo akaingia Fundi Tai, eti anaazima chaki. Chaki! Ana kopo zima, naliona kutoka hapa. Akatupa macho huku na huku, akaona pazia, akaona shati, akaona gauni ukutani. Macho yakamganda pale pale kwenye gauni. Akauliza ni la nani na nani atalishona. Nikasema la mteja, na atakayelishona ni mwenye duka. Akasema vizuri, kwa sababu hariri ya zamani namna ile inataka sindano nyembamba kabisa na mshono wa pole pole, mmoja, bila kurudia, na ukishamaliza ndipo unagusisha ukingo kwenye ovaloki nyuzi zisichomoke. Akaongeza kwamba mke wangu amemwomba awe ananitupia jicho.

Damu ilinichemka. Kutupiwa jicho! Na mtu anayeshona magunia!

Lakini nilisikia alichosema. Ovaloki. Kumbe ndiyo siri yao. Baada ya yeye kuondoka nimeichunguza. Ya miguu ina uzi mmoja juu na mmoja chini. Ovaloki ina nyuzi nne. Nne! Mtu mwenye akili zake hahitaji kuelezwa zaidi. Mashine yenye nyuzi nne ni bora mara mbili, na mafundi wanaificha pembeni ili watu wasijue.

Kesho.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi, furaha. Nirekodi furaha hiyo kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

Nililigeuza gauni nje ndani. Nikabana pini ubavuni nikifuata vipimo. Nikawasha ovaloki, nikaweka ukingo, nikakanyaga pedali. Ee bwana! Kitambaa kilipita kama maji. Nyuma yake ukatoka mshono uliosukwa, safi, kama wa dukani. Niliinuka nikazunguka chumba. Nikajiita fundi kwa sauti. Hakukuwa na mtu, lakini nilisikia linavyokaa mdomoni.

Kulitandaza mezani, upande wa kushoto umepinda kidogo. Nikaupitisha tena. Ukanyooka, ila sasa kulia kumezidi kushoto. Nikapitisha kulia. Ukawa mwembamba kuliko kushoto. Nikapitisha kushoto. Hivyo hivyo, kwa uvumilivu, kama fundi wa kweli anayetafuta usawa. Chini kulikuwa kunadondoka vipande virefu vyembamba vya buluu. Niliviona. Nikadhani ni uchafu wa mashine, nikavifagia kikapuni.

Binti akaja kujipima. Nikamrudisha. Nikamwambia Fundi hapimi nguo isiyokwisha. Akaomba alione tu. Nikasema si desturi ya duka. Akaondoka kinyonge, na mimi nikaona nimelinda heshima ya kazi.

Mchana mke wangu akapiga simu. Mama anaendelea vizuri, amekula, ameuliza nani anamwagilia maua yake. Akauliza kama kuna kazi iliyoingia. Nikasema zipu. Sauti yake ilikuwa imechoka na ilikuwa ya upendo, miaka sijaisikia hivyo. Akanishukuru kwa kukaa dukani bila kugusa kitu. Akasema, "Hata wazimu ukikupanda, Baba Watoto, gusa nyingine zote, usiguse ovaloki. Ile inakata huku inashona. Kisu kiko pembeni ya sindano, hata hukioni."

Nikasema sawa. Nikakata simu.

Nikaenda kuinama mbele ya mashine. Kisu kipo. Kidogo, kinang'aa, kimekaa pembeni ya sindano kama mtu asiyehusika.

Nikalichukua gauni na kulinyanyua dirishani. Juu lilikuwa gauni, chini lilikuwa gauni, katikati ilikuwa ala ya mwavuli. Mkono wangu uliingia. Bega halikuingia. Na kikapuni, chini ya vumbi na mabaki ya uzi, ndimo alimokuwa marehemu aliyebaki.

Sina la kuandika zaidi leo. Nimefunga duka mapema na kukaa nyuma ya pazia. Linapitisha mwanga mwingi mno.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeamka na mpango. Mipango mitatu, kusema kweli.

Wa kwanza: kulivuta. Hariri ikilowa hulegea, kila mtu anajua, au angalau mimi nilijua. Nikalilowesha, nikalitundika, nikafunga pasi ya chuma kwenye pindo liwe zito. Baada ya saa moja lilikuwa limevutika. Kwa urefu. Upana haukubadilika hata kidogo. Nikaliondoa lisije likagusa sakafu.

Wa pili: kitambaa kingine. Nimezunguka maduka yote ya vitambaa nikiwa na kipande mfukoni. Muuza vitambaa wa mwisho, mama mmoja wa makamo, alikichukua, akakisugua kwa vidole. Akasema buluu hii haijaletwa tangu yeye akiwa msichana. Akaniuliza nimeipata wapi. Nikasema kwenye kikapu. Akanitazama vibaya sana.

Wa tatu: panya. Panya ni kitu kinachoeleweka. Kila nyumba ina panya, hakuna mtu anayeweza kumshitaki. Njiani kwenda kwa Mzee wa Saa nilifanya mazoezi ya uso wa huzuni kwenye vioo vya maduka. Sikuhitaji kujibidiisha.

Nilimkuta ameinama, kioo kidogo jichoni, saa ya mtu imefumuliwa mbele yake. Hakuinua kichwa. Akaanza kuongea mwenyewe, nadhani kwa sababu macho yake yalikuwa kazini. Akasema tangu mazishi, yeye na binti yake wameishi nyumba moja kama wapangaji. Wanaambiana chumvi imekwisha. Wanaambiana maji yamekatika. Habari za mama, hakuna anayeanza, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Kisha mwezi uliopita binti amesimama mlangoni na kuuliza, "Baba, gauni la mama liko wapi?" Mzee akasema ilikuwa mara ya kwanza neno mama kutamkwa ndani ya ile nyumba. Akaenda kulitoa kabatini tu.

Akainua kichwa. Akauliza linaendeleaje.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema panya. Mdomo ukasema linaendelea vizuri sana.

Sijui nimefikaje barabarani. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na nilitembea kama mtu aliyemo ndani yake. Miguu haikunipeleka dukani kwetu. Imenipeleka ng'ambo, kwa Fundi Tai, na gauni likiwa ndani ya mfuko wa sukari.

Nilijiandaa kwa kicheko. Nilikuwa na majibu mawili tayari. Hakucheka. Alilitandaza mezani, akalipapasa ubavu wa kushoto, akalipapasa wa kulia. Akauliza vipande viko wapi. Nikauliza vipande gani. Akasema, "Ulivyovikata, kaka." Alisema taratibu, heri angepiga kelele.

Nikaleta kikapu. Akavitoa kimoja kimoja, akavipuliza vumbi, akavinyoosha juu ya meza. Halafu akalegeza tai. Sijawahi kuiona shingo yake. Na hapo hapo, mbele yangu, akampigia simu mke wangu.

Msaliti!

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu amefika na basi la kwanza. Amemwacha mama yake kwa jirani. Hakunisalimu. Ameweka begi chini, akanawa mikono hadi viwiko, akamwambia Fundi Tai asante, akakaa mbele ya gauni, ambalo Fundi Tai alishalirudisha dukani kwetu.

Nimemweleza kwamba tatizo limetokana na mtengenezaji wa mashine, kuficha kisu. Hakunijibu. Nikaeleza tena kwa maneno mengine. Fundi Tai akaniomba nikae kwenye kigoda cha mlangoni na nisiguse kitu. Mgeni, kwenye duka la mke wangu!

Walizungumza wao wawili kwa sauti ndogo, kama madaktari mlangoni pa wodi. Kulirudisha lilivyokuwa haiwezekani. Litiwe kitambaa kingine ubavuni, kuanzia kwapa hadi pindo, na vile vipande vya buluu vipigwe pasi na kulazwa juu ya kila kiungo, ili kilichokatwa kirudi kwenye nguo hata kama si mahali pake. Kwa hilo wanahitaji zigizaga, ambayo Fundi Tai hana. Ana mashine moja tu ya magunia na moja ya kawaida. Nilikuwa sijui. Miaka yote ile na tai yake!

Ila kitambaa kipi? Hariri nzee haikubaliani na hariri mpya, mpya itaivuta na kuichana. Mke wangu akainuka. Akaondoka kwenda nyumbani, akarudi na gauni lake la krimu. Lile la hariri, la miaka mingi, analolivaa kwenye shughuli tu, ambalo nilimkuta nalo. Akalikata. Mkasi haukusita. Mimi ndiye niliyesema aa, kwa sauti, na hakuna aliyegeuka.

Mishono ya ubavuni ameishona kwa ile ya miguu. Nikauliza kwa nini asitumie ya umeme, yeye mwenyewe anasema ina kasi. Hapo ndipo aliponijibu kwa mara ya kwanza leo. Akasema ya umeme ukikosea imeshakwenda, ya miguu inakusubiri. Nimeitazama miguu yake. Kisigino, kidole, kisigino, kidole. Gurudumu halikurudi nyuma hata mara moja. Na kitambaa hakushiki kwa nguvu, anakiwekea tu kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nimemwona akifanya hivyo kila siku ya ndoa yetu, na sikuwahi kutazama.

Fundi Tai akalaza vipande, mke wangu akavipitisha kwenye zigizaga. Ovaloki ilibaki pembeni, haikuwashwa.

Jioni wakaja, Mzee na binti. Binti akaingia nyuma ya pazia lenye matundu, akatoka. Niseme haki: alipendeza kupita kiasi. Krimu ubavuni, na juu yake mistari ya buluu inashuka hadi chini.

Nilikuwa nimekwisha kuinuka ili nipokee shukrani. Mke wangu akanitangulia. Akasimama mbele ya Mzee na kumwambia kila kitu, bila kutia chumvi wala kuipunguza. Kwamba hakuwepo. Kwamba mume wake alisema yupo. Kwamba mume wake alilikata. Kwamba anaomba radhi, na radhi hairudishi kitambaa.

Mzee hakunitazama. Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja wa buluu, kutoka kwapani hadi kiunoni, pole pole. Akasema, "Ni zuri, Fundi. Ila si lile."

Mke wangu akainamisha kichwa. Fundi Tai akaangalia barabarani.

Halafu binti akasema hata lile lenyewe halikuwa lile. Akasema mama aliwahi kulifumua ubavuni ili alivae akiwa na mimba, alimwonyesha mwenyewe alama za sindano. Mzee akasema si kweli, halikuguswa. Binti akasema liliguswa, baba, wewe ulikuwa ukitazama saa. Mzee akasema mama yako hakujua hata kutunga uzi. Binti akacheka kwa machozi, akasema alijua sana, alikuficha tu kwa sababu ulikuwa unapenda kumtungia. Wakaanza kubishana, mama alikuwa hivi, mama alikuwa vile, sauti zinapanda, wakatoka wakibishana, na nikawasikia wakibishana hadi kona.

Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniaga. Watu hawana shukrani.

Nimemkumbusha mke wangu kwamba Mzee alisema ni zuri. Amesema nilitakiwa nisikilize hadi mwisho wa sentensi.

Jumapili, 12 Mei

Harusi. Mke wangu amealikwa. Fundi Tai amealikwa. Mimi nimelinda nyumba.

Wamerudi jioni. Ameenda na sketi ya kila siku na blauzi ya kijani, na anasema hakuna aliyemtazama yeye. Anasema Mzee wa Saa ametoa hotuba, na hotuba yote ilikuwa habari za marehemu, na binti akawa anamsahihisha kutoka kitini, watu wakacheka hadi wakalia. Nilimuuliza kama mistari ya buluu ilisifiwa. Akasema ilisifiwa. Nikamuuliza kama alitaja wazo la kukata lilitoka kwa nani. Akaenda kunawa uso.

Baadaye akakaa kitandani na kuniambia mambo mawili. La kwanza, hanikasirikii kwa gauni, mkono wa mtu yeyote huteleza. Anachonikasirikia ni kumwambia yule mzee kwamba yeye yupo. Amesema yule alileta kitu kwake kwa sababu anamwamini, na mimi nikajivika uaminifu wake bila kumuuliza. Nililifikiria hilo kwa makini. Bado nalifikiria.

La pili, mama yake atakuja kuishi nasi. Nyonga itachukua muda na jirani amechoka. Kwa hiyo ile ya miguu imehamishwa leo kutoka dukani, Fundi Tai amesaidia kuibeba, imewekwa nyumbani, chumba cha nyuma karibu na dirisha, mke wangu awe anashona huku akimwangalia. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Alilelea watoto wake wote kwa hiyo, na mke wangu alijifunzia hapo akiwa amesimama, miguu haifiki. Jana kwenye simu mama ameulizia kama bado inalia kidogo ukianza. Akaambiwa bado. Akafurahi.

Mke wangu alilia kidogo akinieleza haya. Nami nikalia. Tumelala kwa amani.

Jumatatu, 13 Mei

Amekwenda kumchukua mama yake. Kabla ya kuondoka amefunga duka na funguo ameziacha kwa Fundi Tai. Nimelipokea kiume.

Asubuhi yote nimekaa chumba cha nyuma nikitafakari. Mtu hupimwa kwa anachojifunza baada ya kuanguka, na mimi nimejichunguza bila huruma. Nimekosea wapi? Nimegeuza jambo hili kila upande. Na jibu limekuja, jepesi, nikashangaa wengine hawakuliona. Kosa langu halikuwa kukata. Kosa langu lilikuwa kukata kidogo kidogo.

Kumbe kuna mashine maalumu. Mchana nimetoka, nikamkuta mtu anayeuza vifaa vya kiwanda cha nguo kilichofungwa. Hii haishoni kabisa. Unapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka hadi kimo cha goti, unakisukuma kisu, na nguo za watu hamsini zinakatika kwa pigo moja. Kisu chake kinaonekana wazi, hakuna kudanganyana. Mwenye nayo amenionyesha jinsi ya kuishika, na tulipoagana akaniambia, "Kwaheri, fundi."

Fundi! Nimeinamisha kichwa ili asione uso wangu.

Amekubali tubadilishane. Yeye ananipa ya kukatia, mimi nampa ile ya miguu. Nimefikiria na upande wa familia pia, mimi si mbinafsi. Mgonjwa wa nyonga anahitaji kuzunguka na mkongojo wake, na cherehani imejaza chumba, tena inalia. Anakuja na mkokoteni kesho asubuhi. Mke wangu na mama yake wanafika mchana. Mama mkwe atafurahi akikuta nafasi.